Kwa nini nyoka wa bahari wamejaa Malaka na kwetu hawaonekani?

Swali: Mimi ni baharia, mzaliwa wa Tanga, na ninafanya kazi katika meli ya mizigo inayopita mara kwa mara kati ya Colombo, Penang na Singapore. Tunapotia nanga usiku nje ya Penang, kwenye Mlango Bahari wa Malaka, nyoka huja ubavuni mwa meli penye mwanga wa taa. Nimewahi kuwaona kadhaa kwa pamoja. Wengine warefu wenye pete za kijivu, wengine wafupi na wanene. Nilivua na wazee wangu tangu utotoni, lakini nyumbani nyoka wa bahari wa hakika nilimwona mara moja tu, amekufa ufukweni, mweusi mgongoni na wa manjano tumboni. Je, bahari si ileile moja? Kwa nini kule wamejaa na kwetu hawapo? Wanaweza kuja? Na ni kweli kwamba akikuuma hufiki hospitali?

Jibu: Ndugu baharia, nianze na swali lako la kwanza, maana majibu ya mengine yanategemea hilo. Bahari ni moja kwa anayeitazama kutoka sitahani. Kwa nyoka, maji ya Penang na maji ya Tanga yana tofauti kubwa, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko chini, kwenye sakafu. Karibu nyoka wote wa bahari wa Asia huvuta pumzi juu na kutafuta chakula chini, kwa hiyo huishi pale ambapo juu na chini havijaachana mno. Ukichukua chati yako ya urambazaji na kupaka rangi sehemu zote za Asia ya kitropiki zenye kina kisichozidi meta 100, zenye maji ya vuguvugu na sakafu ya tope au mchanga, utakuwa umekaribia sana kuchora ramani ya makazi yao. Nasema umekaribia, kwa sababu kuna mahali ambapo ramani hiyo itakudanganya, na mahali hapo ni kwetu, nitafika huko.

Nyoka wa bahari ni wa ukoo mmoja na fira na koboko. Aina zinazojulikana ni takriban 70, na zimegawanyika katika matawi mawili yaliyoingia baharini kila moja kwa njia yake. Tawi dogo ni la jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu) ya Laticauda, lenye aina zipatazo 8, ambalo bado halijaachana na nchi kavu: nyoka hawa huwinda baharini, kisha hupanda kwenye miamba na fukwe za visiwa ili kumeng'enya chakula, kujivua gamba, kupandana na kutaga mayai. Tawi kubwa ni la wale wanaozaa watoto hai majini na wasiohitaji kugusa ardhi maisha yao yote. Wengi wa hawa wakitupwa ufukweni hawawezi hata kutambaa vizuri, kwa kuwa magamba mapana ya tumboni ambayo nyoka wa nchi kavu hujisukuma nayo yamepungua mpaka yanalingana, au yanakaribia kulingana, na magamba ya ubavuni. Chembe za urithi zinaonyesha kwamba tawi hili lilitokana na nyoka wa nchi kavu wa Australia na New Guinea katika kipindi kisichozidi miaka milioni 10 hivi, na kwamba jenasi ya Hydrophis, ambayo ndiyo yenye aina nyingi kuliko zote katika maji ya Asia, ilichanua katika miaka milioni chache tu iliyopita. Chimbuko lao, basi, liko mashariki ya mbali, nasi tuko ncha ya pili ya Bahari ya Hindi.

Maumbile yao yanaeleza mengi kuhusu mahali wanapopatikana. Mkia ni bapa, mfano wa kafi. Pua ziko juu ya kichwa na zina vali za kufunga maji yasiingie. Pafu ni moja, refu karibu sawa na mwili mzima, na baadhi yao hupata sehemu ya oksijeni kupitia ngozi. Kwa nyoka wa tumbo la njano, yule uliyemwona ufukweni, sehemu hiyo imepimwa na kufikia theluthi moja ya mahitaji yake, naye amewahi kufuatiliwa akikaa chini ya maji kwa zaidi ya saa tatu bila kuibuka. Wapo pia wanaozama sana: mwaka 2019 ilitangazwa kwamba kamera za chini ya maji kaskazini magharibi mwa Australia ziliwanasa nyoka wa bahari kwenye kina cha meta 245. Hata hivyo huo si mwenendo wa kawaida. Nyoka anayelazimika kushuka na kupanda meta mia mbili kwa kila mlo hutumia nguvu nyingi na hujiweka wazi kwa papa kila anapopanda, ndiyo maana kundi kubwa la nyoka hawa hukaa kwenye maji ya meta 10, 20 au 50.

Jambo la pili ni kiu. Chini ya ulimi wao ipo tezi inayotoa chumvi, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba tezi hiyo huwawezesha kunywa maji ya bahari kama sisi tunywavyo maji ya kisima. Harvey Lillywhite wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake waliwapima nyoka wenye kiu na kukuta kwamba maji ya bahari wanayakataa. Hunywa maji matamu, au yale ambayo chumvi yake imepunguzwa sana. Katika kisiwa cha Lanyu huko Taiwan walikuta Laticauda wengi zaidi karibu na mahali ambapo maji matamu hutiririka kuingia baharini. Nyoka wa tumbo la njano, anayeishi mbali na pwani, hungoja mvua kubwa na kunywa tabaka jembamba la maji ya mvua linaloelea juu ya bahari kabla mawimbi hayajalichanganya. Kwa mnyama wa namna hiyo, midomo ya mito mikubwa na mvua za msimu ni neema ambayo jangwa haliwezi kumpa.

Sasa yaweke hayo yote juu ya ramani ya Asia ya Kusini Mashariki. Kati ya Vietnam, Thailand, Malaysia, Sumatra, Java na Borneo kuna uwanda mpana uliofunikwa na maji ya kina kifupi. Ghuba ya Thailand haifiki meta 100 popote. Mlango Bahari wa Malaka wewe unaujua kuliko mimi, maana wanaopita na meli nzito ndio wanaohesabu maji yaliyobaki chini ya mkuku. Mekong, Chao Phraya na mito ya Sumatra na Borneo humwaga tope na maji matamu mwaka mzima, na katika tope hilo hujichimbia mikunga ya mchangani, samaki wadogo wa mashimoni na kambare wa baharini. Kwa nyoka hapo pana kila kitu: chakula, maji ya kunywa na safari fupi ya kwenda juu kuvuta pumzi. Maji ya Malaysia peke yake yana zaidi ya aina 20.

Uwanda huo haukuwa bahari siku zote. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imefungia maji mengi kwenye ncha za dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban meta 120, na mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka mahali palipo Bangkok ya leo hadi Java. Jambo hilo lilijirudia mara nyingi katika miaka milioni mbili iliyopita. Kila bahari ilipokupwa namna hiyo, nyoka wa upande wa Bahari ya Hindi walitengwa na wa upande wa Bahari ya China Kusini kwa maelfu ya miaka, na kila ilipojaa walikutana tena, wakati mwingine wakiwa wamekwisha kuwa tofauti. Alama za utengano huo bado zinasomeka katika chembe za urithi za baadhi yao, na kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya sababu kubwa za wingi wa aina zao katika eneo hilo.

Kuhusu wale uliowaona Penang, bila picha siwezi kukutajia aina kwa hakika, ila maelezo yako yanalingana na hali ya pale. Wafupi na wanene yawezekana ni Hydrophis curtus, ambaye baadhi ya wataalamu humwita Hydrophis hardwickii upande huo, nyoka mwenye kichwa kikubwa na magamba ya kukwaruza. Warefu wenye pete za kijivu yawezekana ni Hydrophis cyanocinctus, mojawapo ya aina zinazopatikana kwa wingi kuanzia Ghuba ya Uajemi hadi Japani. Taa za meli huvuta dagaa na ngisi, dagaa na ngisi huvuta samaki, na nyoka hufuata samaki. Usidhani kwamba kwa kuwa wamekusanyika pamoja wanakula kitu kimoja. Kila aina ina mlo wake.

Mfano mzuri wa hilo ni nyoka wa kichwa kidogo, kama Hydrophis gracilis na Hydrophis fasciatus. Ukimnyoosha mmoja wao mezani, utadhani umepewa vipande vya nyoka wawili vilivyounganishwa. Kichwa na shingo ni vyembamba kama kidole kidogo cha mkono, vikiendelea hivyo kwa karibu theluthi moja ya urefu, kisha mwili unavimba mpaka sehemu ya nyuma inakuwa nene mara kadhaa kuliko shingo. Huyu hula mikunga wanaojichimbia mchangani. Huingiza kichwa na shingo ndani ya shimo, humuuma mkunga mumo humo, na ule mwili mnene wa nyuma hubaki nje ukimpa uzito na nguvu ya kumvuta. Jirani yake, Aipysurus eydouxii, ameacha kabisa kuwinda na hula mayai ya samaki tu; meno yake ya sumu yamedumaa na sumu yake imedhoofika, kwa kuwa yai halikimbii. Naye Hydrophis schistosus, mwenye gamba la pua lililopinda kuelekea chini mfano wa mdomo wa kasuku, hukaa kwenye midomo ya mito na mikoko na kumeza kambare wa baharini wenye miiba na hata bunju, ambao wengine hawathubutu kuwagusa. Sakafu moja ya tope inaweza kuwalisha wote hawa bila kugombana sana.

Tukienda mashariki na kaskazini kutoka hapo, ukanda unaendelea kupitia Vietnam, kusini mwa China na Taiwan hadi visiwa vya Ryukyu vya Japani, na kupitia Ufilipino na Indonesia hadi Australia. Katika visiwa vya mawe na matumbawe Laticauda huongezeka. Okinawa wana desturi ya zamani ya kumkausha Laticauda semifasciata kwa moshi na kumpika supu. Jambo la ajabu kuliko yote liko Ufilipino, katika ziwa Taal, kusini mwa Manila, ambako Hydrophis semperi anaishi katika maji matamu. Ziwa hilo liliunganika na bahari mpaka milipuko ya volkano, hasa ule wa mwaka 1754, ilipoziba mlango wake. Maji yakapoteza chumvi kidogokidogo, nyoka wakabaki ndani.

Tukielekea magharibi, hesabu inaanza kupungua. Ghuba ya Bengal, penye tope la Ganges na Brahmaputra, bado ni tajiri, na pwani zote za India kwa jumla zina zaidi ya aina 20. Laticauda hufika upande wa mashariki wa Ghuba ya Bengal na visiwa vya Andaman, lakini hawajajenga makazi katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Baada ya Pakistani na pwani ya Makran tunaingia Ghuba ya Uajemi, ambako aina zilizobaki ni kama 10. Ghuba hiyo ina kina cha wastani cha meta 35 hivi, na miaka 20,000 iliyopita ilikuwa nchi kavu. Maana yake ni kwamba kila nyoka wa bahari anayeonekana leo Kuwait, Bahrain au Bandar Abbas ametokana na wahamiaji waliofuata maji yaliyorudi. Wamefika huko kwa kufuata pwani, hatua kwa hatua, kwa sababu kutoka India hadi Ghuba hakuna mahali ambapo sakafu ya kina kifupi imekatika kabisa. Wasomaji wetu walioko Maskati na Sohar, nchini Oman, ambao wengi wana asili ya Unguja na Pemba, wako katika eneo lenye nyoka hawa na wana nafasi ya kuwaona kuliko ndugu zao waliobaki visiwani.

Sasa tufike kwetu, ambako ramani ya kina haitoshi. Pwani ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ina ukanda mwembamba sana wa kina kifupi. Mara nyingi ukivuka mwamba kilometa chache tu umekwisha kuingia kilindini. Hilo lingetosha kueleza uhaba wa nyoka, kama si maeneo kama delta ya Rufiji na maji yaliyo kati yake na Mafia, au ghuba ya Ungwana nchini Kenya inakomwaga mto Tana. Huko kuna mikoko, kuna tope, kuna maji matamu, kuna kamba na mikunga na kambare wa baharini. Hydrophis schistosus angewekwa Rufiji leo, sioni kitu ambacho angekikosa. Lakini hayupo, wala jamaa yake yeyote wa sakafuni hayupo. Tatizo la kwetu, kwa hiyo, ni njia. Kusini mwa Ras al Hadd, ncha ya mashariki ya Oman, wakati wa kusi, upepo husukuma maji ya juu kutoka pwani za Oman na Somalia na maji baridi ya kilindi hupanda kuchukua nafasi yake. Karibu na Ras Hafun, nchini Somalia, joto la maji huweza kushuka chini ya nyuzi 20. Pwani yenyewe ni kavu, haina mito mikubwa ya kudumu kwa masafa marefu, na ukanda wake wa kina kifupi ni mwembamba. Mkondo wa Somalia nao, katika miezi ya kusi, huenda kaskazini kwa kasi kubwa, yaani kinyume na safari ya nyoka anayetoka Arabuni. Njia nyingine ni kukata bahari kuu moja kwa moja kutoka India, na huko nyoka wa sakafuni hana sakafu anayoweza kuifikia kwa maelfu ya kilometa. Naona kizuizi kimoja kati ya hivyo kingevukika, ila vyote kwa pamoja vimemshinda kila mmoja wao isipokuwa yule mmoja.

Yule mmoja ni Hydrophis platurus, nyoka wa tumbo la njano, na ameweza kwa sababu aliachana na sakafu. Yeye huishi juu, katika bahari kuu, akielea kwenye ile mistari ya povu, mwani na vijiti inayojikusanya mahali mikondo miwili inapokutana. Bila shaka umeiona ukiwa zamu. Samaki wadogo hupenda kujificha chini ya kitu chochote kinachoelea. Nyoka hutulia kama kijiti, samaki huja kujificha chini yake, naye huogelea kinyumenyume mpaka kichwa kinakuwa karibu na windo, kisha hupiga kwa upande. Kwa njia hiyo chakula chake husafiri pamoja naye. Ametawanyika kutoka Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya, kupitia Asia yote ya kitropiki, hadi pwani za Mexico, Costa Rica, Panama na Ecuador. Hakuna mjusi wala nyoka mwingine duniani mwenye eneo kubwa kama hilo. Kwa kawaida hafiki meta moja kwa urefu, na akitupwa ufukweni na dhoruba hufa palepale kwa kushindwa kurudi majini. Ndivyo alivyokufa, bila shaka, yule uliyemkuta nyumbani.

Pamoja na uwezo wote huo, Atlantiki imemshinda. Kusini magharibi mwa Afrika mkondo baridi wa Benguela humzuia, kwa kuwa maji yakishuka kufikia nyuzi 16 hadi 18 huacha kula, na kuzaliana kwake kunahitaji joto zaidi ya hapo. Upande wa Amerika, ardhi ya Panama ilifunga mlango kati ya bahari mbili takriban miaka milioni 3 iliyopita, na inaelekea yeye alifika baada ya mlango kufungwa.

Kabla ya kuacha habari za kwetu, naomba niseme neno kuhusu simulizi za wavuvi wanaoapa kwamba wamewaona nyoka wengi wa bahari wenye pete nyeusi na nyeupe kwenye majani ya bahari wakati wa maji kupwa. Wanasema kweli kuhusu walichokiona, ila mnyama huyo ni samaki. Ni mkunga mwembamba aitwaye Myrichthys colubrinus, anayefanana na Laticauda kwa pete zake na kwa namna anavyokwenda, naye anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki. Wengi tunaamini kwamba mfanano huo humkinga dhidi ya samaki wakubwa wanaomwogopa nyoka. Huku kwetu anaendelea kuvaa nguo za nyoka ambaye hayupo. Kuwatofautisha ni rahisi: tazama mkia. Mkunga huyo ana mkia uliochongoka, ambao huutumia kujichimbia mchangani kinyumenyume, hana magamba, na ana tundu la matamvua nyuma ya kichwa. Nyoka wa bahari ana mkia bapa uliosimama wima na magamba yanayoonekana wazi.

Kuhusu kuumwa, hofu yako ina msingi lakini imetiwa chumvi. Maelezo bora zaidi tuliyo nayo yalitoka palepale Penang. H. Alistair Reid, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Penang katika miaka ya 1950 na 1960, alifuatilia wavuvi walioumwa na kuonyesha mambo mawili muhimu. La kwanza, wengi wa walioumwa hawakupata madhara makubwa, kwa sababu nyoka wa bahari mara nyingi huuma bila kutia sumu au hutia kidogo sana. La pili, kwa waliotiwa sumu hasa, kilichoshambuliwa zaidi mwilini mwa binadamu ni misuli. Kuumwa kwenyewe hakuumi sana na alama zake ni ndogo. Baada ya nusu saa hadi saa chache misuli huanza kuuma na kukakamaa, shingo na taya huwa nzito, na mkojo hugeuka kuwa wa rangi nyekundu iliyoiva au ya kahawa kwa sababu ya mabaki ya misuli iliyoharibika. Hatari ya kifo hutokana na kushindwa kupumua na figo kufeli, na hayo huchukua saa kadhaa au zaidi. Kwa hiyo hospitali mtu anafika, asipopotezewa muda.

Walioumwa walikuwa hasa wavuvi wanaochambua samaki kutoka wavuni kwa mikono mitupu, au wanaotembea ndani ya maji ya tope kwenye midomo ya mito na kumkanyaga nyoka. Hydrophis schistosus ndiye anayehesabiwa kuua watu wengi kuliko wengine wote, kwa kuwa ana sumu kali na anaishi palepale watu wanapofanya kazi. Dawa ya kupambana na sumu hutengenezwa Australia kwa kutumia sumu ya nyoka huyo. Hapa panahitaji uangalifu mmoja: mwaka 2013 Kanishka Ukuwela, mtafiti wa Sri Lanka, na wenzake walionyesha kwamba wale waliokuwa wakiitwa kwa jina hilo Asia na wale wa Australia ni aina mbili zisizo na undugu wa karibu, zilizofanana kwa sababu ya kuishi maisha yanayofanana, wa Australia sasa huitwa Hydrophis zweifeli.

Mwenzako akiumwa melini, mlazeni na asitembee. Fungeni kiungo chote kwa bendeji pana kwa kubana kiasi, kama mnavyofunga mguu ulioteguka, kisha mkitie gango ili kisitikisike, na ombeni msaada wa daktari kwa redio mara moja. Msikate kidonda, msinyonye, msiweke jiwe la nyoka. Kwetu Afrika Mashariki dawa za sumu ya nyoka zilizopo hospitalini zimetengenezwa kwa ajili ya nyoka wa nchi kavu; mgonjwa wa nyoka wa bahari hutegemea zaidi mashine ya kupumulia na, ikibidi, ya kusafisha damu.

Ukweli ni kwamba wao wanauawa na sisi zaidi ya sisi kuuawa nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mashua za ngisi za Vietnam katika Ghuba ya Thailand zilikuwa zikivua takriban tani 80 za nyoka wa bahari kila mwaka, yaani zaidi ya nyoka 225,000, wengi wakiwa haohao Hydrophis curtus na Hydrophis cyanocinctus unaowaona ubavuni mwa meli yako. Huvuliwa kwa taa zilezile za ngisi na huuzwa wakiwa hai kwa ajili ya nyama, ngozi na dawa za asili. Nyavu za kukokota za kuvulia kamba nazo huwazamisha wengine wasiohesabiwa, kwa kuwa nyoka aliyenaswa chini hawezi kupanda kuvuta pumzi. Kwa mnyama anayezaa watoto wachache kwa mwaka, mavuno ya kiasi hicho yananitia shaka kubwa kuliko ongezeko lolote la joto.

Je, wanaweza kuja kwetu? Kwa tangi la maji ya uzito la meli sidhani, maana hawatagi mayai majini wala hawana vitoto vidogo vya kuelea vinavyoweza kupita kwenye vichujio. Bahari ikizidi kupata joto, kizuizi cha baridi cha Oman na Somalia kinaweza kulegea, lakini wembamba wa ukanda wa kina kifupi hautabadilika. Mmoja mmoja aliyepotea anaweza kufika. Kujenga makazi kunahitaji zaidi ya hapo. Ukiwa likizoni Tanga, ukakuta nyoka wa bahari ambaye si mweusi na manjano, usimshike hata kama anaonekana amekufa. Mpige picha tatu: mkia kwa ubavu, kichwa kwa juu, na tumbo katikati ya mwili ili ukubwa wa magamba uonekane, ukiweka kisanduku cha kiberiti kando yake kwa kipimo. Andika tarehe, mahali na hali ya upepo, kisha zipeleke kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi kilicho karibu nawe. Magamba ya tumbo yakiwa mapana, huenda huyo ni Laticauda na amekuja kutoka mbali sana. Yakiwa madogo na kichwa kikawa chembamba kuliko shingo ya chupa, tafadhali nipelekee na mimi nakala.